Mawimbi Ndani ya Mutumbwi wa Kasiksi

Kazi tatu, 13/11/2002

Nilikamua pombe ya kasiksi asubuhi. Ndizi nzuri, nyasi nzuri, mikono tu ndiyo imezeeka. Mara Kavira, mujukuu wangu, akasimama mbele yangu kama mutu wa kodi. Anataka mutumbwi. Si pombe. Mutumbwi yenyewe, ile muti ya kuchonga tunayokamulia ndizi. Eti ni ya mémoire yake, kitabu cha kumalizia masomo. Kule université hakuna beseni refu, na courant ya umeme hakuna.
Nikamuuliza: “Nilikutuma kusoma fizike ao kukamua pombe?” Akacheka. Heshima imeisha katika hii inchi.
Nikamupa. Kazi mbili ijayo, tarehe 19, jury ya balimu wake inakuja hapa kwetu kuona. Mawimbi yakikataa, hapana diplôme. Mwaka jana ilishapotea sababu ya risasi. Sitaki kusikia ya pili.

Kazi ine, 14/11

Alipaka udongo mweupe chini ya mutumbwi, akapanda vijiti vya matete. Mistari na mistari. Kama shamba ya vitunguu vya poireaux kule Kipese. Akajaza mayi, akaanza kuigonga na kibao, kwa upande. Mawimbi madogo yakakimbia. Kivuli chao kinaonekana juu ya ule weupe.
Anasema: wimbi likiingia mahali pageni, linapinda kidogo, mais linaendelea upande uleule lilikuwa likienda. Ni desturi yake. Hapa kati ya vijiti litapinda vibaya: litarudia upande lilikotoka. Bazungu wamefanya hivyo na mawimbi yasiyoonekana, karibu kama ya radio, mwaka jana tu. Yeye anataka kuonyesha na mayi.
Nikamwambia ni bongo, uongo mutupu. Na kweli, leo hakuna kitu. Mayi ilipita tu.

Posho, 16/11

Imepinda! Imepinda! Niliona kwa macho yangu, bila miwani!
Alisogeza matete karibu karibu, akagonga kwa haraka zaidi. Wimbi likaingia, likageuka kama mutu amesahau chumvi nyumbani. Nikapiga kelele mpaka jirani akatoka na mupini wa jembe. Alifikiri ni basoda na bunduki zao.
Na kuna ingine. Kavira anasema, katika vitu vya namna hii mistari ya wimbi inatembea nyuma, na nguvu inakwenda mbele. Hiyo nilielewa kabla amalize. Batu ya Kasugho walipokimbia vita walitembea kinyumenyume kwenye matope. Nyayo zinaonyesha msituni, mwenyewe anaingia mujini. Nikamweleza. Akaandika. Anaandika maneno yangu! Bon. Ni haki yake.

Yenga, 17/11

Misa. Baadaye Kavira alimwaga mayi, akaenda kutafuta viti paroisse. Mutumbwi ilionekana kavu, ya kimaskini. Balimu wakubwa wataona nini? Kwetu chombo cha kasiksi hakiendi mbele ya bageni bila kupakwa. Nikakipaka mafuta ya ngazi, ile mawese nyekundu, vizuri, ndani na inje. Inangaa sasa.
Risasi kule upande wa Beni. Muprofesa mukubwa wa jury anatoka kule.

Kazi mbili, 19/11

Balimu wa jury walishakaa, muprofesa akafika wa mwisho. Matope mpaka magoti. Eti lazima arudi kabla barabara ifungwe.
Kavira akajaza mayi, akagonga. Mawimbi yakalala palepale. Akagonga tena. Hakuna. Juu ya mayi kuna ngozi nyekundu inangaa.
Aliniangalia. Nikasimama mbele ya bote: “Ni miye nilipaka. Mutukane miye, hapana mutoto.”
Muprofesa akainama, akanusa. “Mademoiselle, mbona mafuta imeua wimbi?”
Lo! Amegeuza kosa yangu kuwa swali! Nilitaka kumupiga na kijiko. Mais Kavira alijibu mara moja: ile ngozi inavutana kila mayi inaponyanyuka, inakula nguvu ya mawimbi madogo.
“Donc, fanya nini?”
Akachukua brouillon ya mémoire yake, maandiko ya kwanza, karatasi moja moja, akazilaza juu ya mayi na kuzivuta. Zilitoka nyekundu. Muprofesa akavua koti, akavuta naye. Nikamwambia asichafue mikono ya shati, akasema: “Mukaka, nyamaza kidogo.” Mukaka! Ananiita nyanya yake, kama mujukuu wangu wa tumbo. Nikanyamaza. Kidogo.
Kavira akagonga. Wimbi likakimbia, likaingia kati ya matete, likapinda vibaya. Yaani vizuri. Muprofesa akasema arudilie, akasema tena. Macho yake kama ya mutoto mbele ya muwa.
Balimu wote wa jury walienda kusemezana nyuma ya choo. Wakarudi: distinction, maksi za juu. Nililia, mais ni moshi pia.

Kazi tatu, 20/11

Ukungu. Muprofesa alifika Beni, dereva wa lori ametuambia.
Kavira amelala na jua imeshapanda. Siku zingine ningemumwagia mayi.
Nilifukuza jogoo mbali na dirisha yake.