Mlio wa Antena Ikishuka

Mpendwa Baba,

Kamwene, kwa salamu yetu ya Kihehe. Najua hukupenda maneno mengi, lakini leo utanivumilia. Nina kosa la kukuungamia na shukrani nyingi kuliko kosa lenyewe.

Unaikumbuka antena ya gari lako jeupe? Ile iliyochomoza yenyewe kwenye bodi ya nyuma ukiwasha redio, na ukizima ikashuka ikilia zzzii, tak! Majirani wa pale Iringa walisema unaringa, wewe ukacheka tu. Mama, macho yake yalipofifia, aliutegemea mlio huo. Ukizima redio uani, anaita kutoka jikoni, "Baba Rehema, chai!" Miaka yote ile hukuwahi kupiga honi.

Kila Jumamosi ulirudi kutoka Kilolo na vumbi jekundu, na kazi yetu ikaanza: wewe nje umepiga magoti, mimi ndani kwenye kitufe cha redio. "Washa! Usizime mpaka niseme!" Ulifuta kila pingili kwa kitambaa kikavu, ukatia tone la mafuta ya cherehani, kisha ukafuta tena. Nikakuuliza, sasa unayatia ya nini kama unayafuta? "Mwanangu, mafuta yakibaki yanakamata vumbi." Ukanieleza na ya ndani: redio ikiwaka inapeleka umeme kwa mota iliyojificha chini, mota inazungusha gia, gia inasukuma uzi mgumu wa nailoni wenye meno, na uzi ndio unaopandisha vyuma. Ukizima, mota inauvuta uzi kurudi chini.

Ulipotuacha, gari likabaki kwangu. Siku moja antena ikapanda kwa kusuasua, nami nilikuwa na haraka ya kurudi Mbeya kazini. Mwanafunzi wako huyu akachukua mafuta ya alizeti ya Mama jikoni, akaimiminia! Usinikasirikie. Vumbi la njia nzima likanata humo, antena ikakwama. Badala ya kuiacha nikawasha, nikazima, nikawasha tena, mpaka nikasikia krrr, meno ya uzi yakikatika. Nililia kwenye usukani kama mtoto.

Fundi mmoja alishauri aing'oe, aweke ile fupi ya mpira juu ya paa. Mama akakataa katakata. "Mkiing'oa hiyo, nitajuaje nani kaingia?" Na kweli, tangu ikwame alikuwa akishtuka kila nilipogusa mlango. Hilo liliniuma kuliko antena yenyewe.

Nilizunguka kwa wauza vipuri vya mtumba Mbalizi mpaka nikapata vyuma vyake na uzi mzima. Nikaja navyo Iringa. Nani akae kwenye kitufe? Nikamshika Mama mkono, nikamketisha kwenye kiti chako.

Nikafungua nati ya juu. "Washa, Mama!" Mota ikatapika uzi wa zamani wote. Nikasafisha tundu lake, nikazibua na kile kitundu cha chini cha kutolea maji, ambacho ulisema kikiziba mota inaoga mpaka inaoza. Nikaingiza uzi mpya, meno yakielekea kwenye gia. "Zima!" Mota ikaudaka, ikauvuta taratibu, nami nikaushikilia usipinde, mpaka tak! Mama akapiga kigelegele humo ndani ya gari, Baba. Akaniambia nitoke njiani, akawasha na kuzima mwenyewe mara tatu.

Asante kwa kuniketisha kwenye kile kitufe. Asante kwa kunieleza, wakati ungeweza kuniambia nikae pembeni, hayo si ya wasichana. Nilidhani tunasafisha antena tu.

Jana nilirudi kutoka sokoni, nikazima redio uani. Zzzii, tak.

"Baba Rehema, chai!"

Nikachomoa ufunguo, nikaelekea jikoni. Mama akauliza polepole, "Rehema, ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi njoo uinywe wewe. Nimeshammiminia."

Nimeinywa yote, Baba, kwa kikombe chako. Pumzika sasa. Jumamosi naifuta antena, kwa kitambaa kikavu.

Binti yako, yule wa kwenye kitufe