Kwa Mama Yetu, Waliyemtangaza Kuwa Amepona

Mwaka umekatika, Mama, tangu tulipokulaza chini, na humu ndani bado hakuna anayejua kunyoosha kola. Baba anatoka na shati limekunjamana, ukimwambia anasema nguo ni nguo. Ungekuwepo ungemrudisha kutoka mlangoni.

Anayeandika ni mimi, binti yako mkubwa. Wadogo zangu wamenipa ruhusa. Baba amenipa nusu ruhusa: niandike mema tu, maana marehemu hana kesi na mtu. Nimemwambia sawa, marehemu hana, lakini sisi tulio hai tunayo. Akarudi kwenye chai yake, nikachukulia amekubali.

Umri wako wa kazi uliumalizia kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni, kule nyuma ya jiko, pasi mkononi na mvuke usoni. Shuka za watu usiowajua ulizinyoosha kama vile wanakuja kulala kwako. Bosi alikuuliza kwa nini unahangaika na za vyumba vya bei rahisi sawa na za vyumba vya wakubwa, ukamjibu kwamba jasho halina cheo. Nyumbani ulipiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Tulikucheka, ukasema, "Chekeni tu, akija mgeni mtanitafuta." Na ulikuwa na wimbo wako mmoja, ubeti mmoja, kwa sababu beti nyingine ulikuwa huzijui na hukuona haja ya kuzijua.

Wengi wanaosoma hapa gazetini walikujua kwa beseni lako. Ukisikia mtu wa kanisani anaumwa, hukungoja kutumwa. Wenzako walikwenda na maombi marefu, wewe ulibisha hodi, ukasalimia, ukauliza, "Haya, shuka chafu ziko wapi?" Ukazitia kwenye beseni, ukaondoka nazo, kesho yake ukazirudisha zimekunjwa. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini yule mama jirani anateseka hivyo na ni mtu mwema. Ulisema mgonjwa haulizwi kwa nini anaumwa, na wala hasemewi. Ukanipa upande mmoja wa shuka nishike tukamue.

Halafu ikaja zamu yako. Ilianza kama maumivu ya nyonga, ukasema ni uzee na kusimama. Daktari akasema ni uvimbe ndani ya mfupa, akakupa dawa na tarehe za matibabu. Baba alikuchongea fimbo, akaivisha mpira chini usije ukateleza kwenye sakafu ya chumba cha kufulia. Ulikuwa unatembea polepole lakini ulikuwa unatembea.

Sasa hapa ndipo Baba angependa nikae kimya.

Ulikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, mwenyekiti wa kina mama. Sisi tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa wa kwanza kunibeba nilipozaliwa, na alipofiwa na mumewe alilala kitandani kwako, Baba akahamia sebuleni bila kunung'unika. Jumapili ile ya maombi ya wagonjwa, yeye ndiye aliyekushika mkono akakupeleka mbele. Wakaomba. Akainyakua fimbo. Akasema, "Tembea, dada yangu, kwa jina la Bwana tembea!" Nawe ukatembea, kutoka madhabahuni mpaka benchi la kwanza. Kanisa lililipuka. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kabla ibada haijaisha, mzee mmoja alikuwa ameshagonga msumari, na fimbo yako ikatundikwa ukutani pembeni ya mimbari ili watu waone matendo makuu.

Tulirudi nyumbani umeniegemea. Nikakuuliza, "Mama, mbona mzito hivi?" Ukasema, "Furaha tu, mwanangu, imenilegeza magoti." Nikakuamini, kwani ulikuwa hujawahi kunidanganya hata kuhusu sindano ya chanjo.

Mama Mkubwa alikwambia kuendelea kumeza dawa ni kumwita Mungu mwongo. Ukaacha. Tarehe za hospitali zikapita, sisi tukidhani umeruhusiwa. Uliendelea kwenda kazini huku umeshikilia meza ya pasi, mpaka siku wenzako walipokukuta chini, shuka imekufunika nusu. Daktari alitutazama mmoja mmoja akauliza, "Mlikuwa wapi?" Mama, ningejibu nini? Tulikuwa tunashangilia.

Uliporudishwa nyumbani kutoka hospitali nilikuuliza waziwazi kama ulipona hata siku moja. Ukasema hapana. "Mbona ulisema umepona?" Ukajibu, "Alikuwa amenishika mkono, na watu wote wananitazama kwa furaha. Ningeanzia wapi?" Nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo. Nilikukasirikia, Mama. Nakukasirikia mpaka leo, na naandika hivyo kwa kuwa wewe ndiye uliyetufundisha kwamba doa likifichwa huwa sugu.

Nilikwenda kuiomba ile fimbo, maana ulikuwa unajikongoja na mpini wa fagio. Mama Mkubwa alinipokelea mlangoni kwake, hakunikaribisha ndani.

"Mwanangu," akasema, "tukiishusha watu watasemaje? Wachanga wa imani watayumba."

"Na yeye anayeyumba kweli, kwa miguu?"

"Mwambie akiri ushindi."

"Njoo umwambie wewe basi. Anakuulizia kila siku."

Akatazama pembeni. "Nikija kumtembelea kama mgonjwa, nitakuwa nimekana yale Bwana aliyotenda."

Ndiyo hivyo, wasomaji. Mama yetu alishatangazwa mzima, na mtu mzima hatembelewi. Aliyewafulia nusu ya kanisa hakupata hata mmoja wa kuja kuuliza shuka ziko wapi. Waliokuja, Mama, ni wenzako wa kazini, na mmoja wao hata si wa dini yetu, akakaa anakukanda miguu anakuchekesha kwa habari za wageni wanaoiba taulo. Watu wetu wakipita barabarani walikuwa wanaharakisha. Wewe ulikuwa unawatambua kwa mwendo, ukiwa kitandani, unawataja mmoja mmoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisikia tu, sasa nikaielewa.

Alasiri nilikuwa nakusomea Maandiko. Nasema kweli, nilikuwa nasoma kama mtu anayesoma maelezo kwenye pakiti ya sabuni, moyo haumo. Siku moja tukafika pale bustanini, usiku ule kabla Bwana hajakamatwa, anapowaomba rafiki zake watatu wakae naye macho.

"Rudia hapo," ukasema.

Nikarudia.

"Umeona? Hakuwaomba wamweleze kwa nini. Aliwaomba wakae tu."

"Na wakalala," nikasema. Nilikuwa na sumu siku hiyo.

"Wakalala. Akawarudia. Akawakuta wamelala, akawarudia tena."

"Mimi nisingewarudia."

"Ndiyo maana hukutumwa wewe," ukasema, ukacheka mpaka maumivu yakakukatiza.

Ukapumzika kidogo, kisha ukaniambia jambo nililolitafuna mwaka mzima. Ulisema umetafuta sababu ya mateso yako mpaka umechoka, hujaipata, na umeacha kuitafuta. Ulidhani siku ile mbele ya watu Mungu alikuwa kwenye zile kelele. Baadaye ukamkuta humu chumbani, pamoja na harufu ya dawa na beseni la kutapikia, naye pia rafiki zake wamelala wamemwacha. "Yeye aliuliza msalabani mbona ameachwa," ukasema, "na hakuna aliyemwambia ana imani haba. Basi na mimi nauliza. Nauliza nikiwa karibu naye." Sikukuelewa. Nilikuona unaongea kama mtu anayemzungumzia jirani aliyeingia sasa hivi akakaa kwenye kiti, nikatazama kiti, kilikuwa na nguo za kukunja.

Siku zile sauti yako ilipokuwa inaanza kupotea ulinivuta sikio, kama ulivyokuwa unanivuta nikiwa mtundu. "Ukipata nafasi mbele ya watu, waambie mambo mawili. Sikupona. Na sikuachwa. Usiseme moja ukaacha lingine. Ukisema la kwanza tu, watadhani Mungu ameshindwa. Ukisema la pili tu, watatundika fimbo nyingine."

Nilijaribu, Mama. Kwenye mazishi yako Mama Mkubwa alishika kipaza sauti kabla ya mtoto wako yeyote. Alisema ulipona, ukaishi na ushuhuda wako, kisha Bwana akakuita kwa sababu nyingine anazozijua mwenyewe. Sababu nyingine! Nilisimama. Mchungaji akaninong'oneza, "Binti, si wakati wake." Mdogo wangu akanivuta gauni, nikakaa. Mama Mkubwa akalia sana kaburini, na nadhani yalikuwa machozi ya kweli, jambo ambalo linaniudhi zaidi.

Mwezi huu watu wa kanisa wametuletea habari kwamba siku ya kumbukumbu yako wanaiandalia ibada ya ushindi. Fimbo wameipaka vanishi. Wanataka familia ikae mbele, na mimi nisome ushuhuda wako, ule ule. Baba aliwajibu, Baba huyu asiyetaka kesi na mtu: "Ile fimbo niliichonga mimi. Nilimchongea mke wangu atembelee." Akafunga mlango, akarudi kukaa.

Hatutakwenda. Tulinyimwa kipaza sauti kule, basi tunasema hapa, na wewe Mama Mkubwa, kama unasoma, soma mpaka mwisho.

Mama yetu hakupona. Hilo nimelishuhudia kwa macho yangu na kulifua kwa mikono yangu.

Na hakuachwa. Hili la pili, Mama, mimi bado sijalifikia. Kuna siku naanza kulitamka naacha, na kuna siku nadhani ulilisema ili tu nilale usingizi. Lakini uliniagiza yote mawili, na wewe ndiye uliyekuwa mle ndani. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo. Kwa hiyo nimeyasema yote mawili, kama yalivyo.

Unakumbukwa na mumeo. Na mimi mwanao na wadogo zangu wawili. Na wakwe zako, pamoja na yule uliyekuwa unamkagua mikunjo ya suruali. Na wajukuu zako, mdogo wao akiwa amerithi ubeti wako mmoja. Na dada yako. Na wenzako wa chumba cha kufulia waliokuja.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na tutakukumbuka ulivyokuwa.