Shosho Aliniomba Nisiseme Tuko Wapi

Cicily, nimeshindwa kabisa. Shosho ameanguka hapa nje, nafikiri amevunjika paja.

Nikapigia ambulensi, nikawaambia tuko Manyatta. Dada wa simu akauliza, "Mko Manyatta sehemu gani? Karibu na nini?"

Shosho akanishika mkono. "Usiwaambie, mjukuu wangu! Watachoma nyumba!"

Cicily, anafikiria ni ile miaka ya Emajensi, vile askari wa mkoloni walichomea mamake nyumba. USIWAAMBIE. Analia hivyo tu.

Nikasonga kando nikasema: nyuma ya shule ya msingi, geti ya bluu, ana miaka themanini na tatu, anaongea lakini hawezi kusimama. Dada akasema nisimsogeze.

Gari bado. Nimekaa kando yake na hataki nimguse.

"Umetuuza," ananiambia. Cicily, ananiambia mimi. "Umetuuza."