Sentimita Mbili za Mguu wa Kulia

4 Machi

Mpenzi,

Umepoteza miaka minne na miezi miwili. Ilikutoka akilini tarehe tisa Januari, saa nne na robo asubuhi, ulipoteleza kwenye ngazi ukivuta nyaya za umeme, ukaangukia kichwa. Mimi nimo katika miaka hiyo, mwanzo hadi mwisho.

U hali gani? Kizunguzungu kimepungua? Mama hajambo? Mimi mzima, cherehani pia nzima.

Januari nilikuja wodini mara kumi na tisa. Mara zote kumi na tisa uliniuliza, "Samahani, wewe ni nesi?" Nesi gani anavaa futi ya kupimia shingoni? Sikulaumu, ila inauma.

Pokea suruali niliyokushonea kabla hujaanguka. Ivae. Harusi ni tarehe ishirini Juni, nami siahirishi.

Mchumba wako


19 Machi

Dada Fundi,

Salamu nyingi. Naendelea vizuri. Mama anakusalimu, anakuita mkwe.

Nisiwe mnafiki: sikukumbuki. Kufunga swichi najua, uso wako naujua tangu Februari tu. Duka lako la ushonaji umeliinua kwa mikono yako mwenyewe, hukosi mwanamume anayekujua. Harusi tuivunje kwa heshima.

Ila jambo moja linaninyima raha. Suruali imenikaa sawasawa. Mguu wa kulia umeukata mfupi kwa sentimita mbili. Tangu nilipovunjika mguu huo nikiwa chuoni naweka kipande cha ngozi ndani ya kiatu, hata Mama hajui. Nani alikuambia?

Ndugu yako


23 Machi

Ndugu wa kujipachika,

Hujambo? Mama je? Mimi sijambo. Hiyo "Dada" nimeipokea, nimeitundika pamoja na nguo za wateja wasiorudi.

Hakuna aliyeniambia. Miezi mitano ulijikunjia pindo upande mmoja, ukidai mafundi wote mjini ni vipofu. Nikakupima mara tatu, nikaandika: kushoto 102, kulia 100. Ukasema, "Ukimwambia mtu, sikuoi." Nikakujibu, "Nani kasema nataka kuolewa?" Ukacheka hadi ukakaa sakafuni.

Sikuombi ukumbuke. Miaka minne ninayo mimi, nitatutunzia sote wawili. Nakuuliza kuhusu huyu unayemjua tangu Februari: unamtaka, au humtaki?

Ijumaa hii saa nne asubuhi nakata kitambaa cha suti yako ya harusi, na kikishapita mkasi hakirudi. Usiniandikie "tutaona", usimtume Mama. Ndiyo au hapana, kwa mwandiko wako, kabla ya saa nne.

Mchumba wako, bado