Tumeshuka Wote Melini

Dada Nyangeta, shikamoo.

Niko Musoma, hapa ufukweni Mwigobero. Nimenunua sato wa kukaanga, ila kwa hasira niliyonayo sijamgusa. Nahodha wetu anatutukanaga kila siku, tunanyamaza. Jana amempiga kofi mpishi, mzee Magesa, eti kwa nini aseme unga wetu una wadudu. Nikaandika malalamiko ya kupeleka ofisi ya bandari. Nahodha alipoiona karatasi akafoka, "Anayelalamika ashuke!" Mzee akachukua begi lake. Tukashuka wote tisa nyuma yake, tukaenda naye ofisini. Karatasi imepokelewa, imegongwa muhuri. Kazi naweza kuikosa, dada, lakini mzee wa watu hapigwi mbele yangu nikanyamaza tena.

Wapakate watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako, Masatu