Spana Inayolia Tik

Kamau ndugu yangu,

Huku Thika kunanyesha, na mjukuu wangu Njeri amenionyesha maabara ya chuo chao. Mashine ya kupimia mawimbi ya redio aliichagua mwenyewe, akifikiria antena watakazopima, si ukubwa wake. Nilipotaka kuiunganisha kebo kwa kuizungusha nzima, akacheka: “Guka, babu yangu, wacha! Zungusha nati peke yake, kebo itulie.” Akaikaza kwa spana ndogo inayolia tik nati ikikazwa vya kutosha.

Nilimstaajabia, kisha nikaona haya. Ile mashine yetu ya kazini, enzi zile, niliiharibu mimi, nikikaza kwa koleo, na ukafutwa kazi wewe. Nikanyamaza miaka yote.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nikirudi Ruiru nitabisha mlangoni kwako. Hata usiponifungulia, nitakuwa nimebisha.

Nakupenda bado,
Mwangi