Nekesa, Kitabu cha Mwisho Kimefika

Nekesa wangu,

Kimefika. Kile ulichokuwa unakiulizia kila tukipita mall ya Wheaton, mpaka yule kaka wa dukani akawa anatikisa kichwa kabla hujafungua mdomo. Hatimaye wamekitafsiri kutoka Kijapani kwa Kiingereza. Kimefika, na wewe uko Kakamega, kwenye udongo uliokuwa unaukanyaga wakati wa likizo tu.

Theluji inaanguka huku Maryland. Inaanguka polepole, kama haina haja ya kufika chini. Nimekaa kwenye kochi la shangazi, na nje kila kitu kimekuwa kama majalada ya vile vitabu vyetu: weupe, nyaya za umeme, na mtu mmoja anayetembea mbali.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuja kwa shangazi kutoka Tanga? Darasani Kiingereza kilikuwa kinanipita kama upepo. Wewe, mzaliwa wa Maryland, Kiswahili cha kwenu ulikielewa chote, lakini mtu akikuuliza kitu unamjibu Kiingereza. Ukanikuta maktaba nimejiinamia, ukaniwekea kitabu mezani. Kwenye jalada kulikuwa na msichana wa Kijapani, amevaa sare ya shule, amekaa ukingoni mwa kisima.

"Mimi nitakuambia story kwa Kiswahili yangu mbaya," ulisema. "Wewe unani-correct. Sawa?"

Basi tukaanza. Msichana alikuwa anaishi ndani ya kisima nyuma ya shule, na shule ilikuwa inakifukia. Kadiri mchanga ulivyoingia, ndivyo alivyopoteza kitu cha kibinadamu: kitabu hiki kivuli chake, kingine harufu ya nywele zake, kingine sauti. Na kila alipopungua, yule kijana wa darasani alizidi kumpenda.

Tulisoma hata kwenye zile ngazi za umeme za stesheni ya Wheaton, ndefu mpaka mtu anaweza kusahau alikuwa anakwenda wapi. Tunashuka, hewa ya baridi inatupanda usoni, wewe unasoma, na mimi nilikuwa naona kabisa kwamba tunaingia kisimani.

Kuna siku ile miti ya kwenye maegesho ya kwenu ilichanua. Maua meupe, mazuri kama ya vitabuni, halafu yananuka samaki aliyelala! Ukasimama chini yake umefumba macho, maua yanakudondokea kichwani. "Saida, usicheke. Hii ndiyo Japan yetu."

Nilicheka. Hata sasa nacheka, na siwezi kuona ninachoandika.

Selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ilipokubana, mifupa inawaka moto, uliniambia, "Soma wewe leo." Mimi! Nilisoma kando ya kitanda cha hospitali, nayaokota maneno moja moja, na wewe, macho yamefumbwa, unanirekebisha. Kiingereza changu chote kinatoka pale. Watu wananiuliza nilisoma shule gani.

Na mama yako na ule mwiko! Ulikuwa unatafuta neno la kumwita yule msichana, nikakwambia sisi Tanga tungesema jini. Ukalipenda mno. Ukapaza sauti, "Jini ame-fall in love na boy wa high school!" Mama Nekesa akatoka jikoni, mwiko umejaa ugali.

"Mimi nafunga na kuomba juu yako, na wewe unaniletea majini kwa nyumba?"

Vitabu vikahamia kwa shangazi, chini ya kitanda changu.

Sasa nikwambie. Baada ya kukuzika, mama yako alirudi Marekani akajitupa kazini, zamu juu ya zamu. Nilikuwa nampigia simu, tunasalimiana, tunaongea habari za theluji. Jina lako hakuna aliyelitaja. Tulikuwa tunalizunguka kama shimo barabarani.

Halafu wiki iliyopita duka likapiga simu kwenu. Kumbe ulikuwa umeagiza. Aliyepokea ni yeye. Akaenda mwenyewe, ametoka zamu, bado na sare yake ya unesi, akapanga foleni katikati ya vijana wenye nywele za rangi. Kisha akanipigia.

"Saida, mwanangu, kuja. Kitabu yenu imefika, na mimi sijui ilianza wapi. Leta hizo zingine."

Nilivibeba vyote. Tukakaa mezani, nikamsomea kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka kwenye Kiingereza. Nikaanza: jini akaketi ukingoni... Akaniwekea mkono juu ya ukurasa.

"Usimwite jini," akasema taratibu. "Mwite msichana."

Tumemaliza jana. Utakasirika, lakini nakwambia: msichana hakupona. Kisima kimefukiwa. Amekuwa ukungu wa asubuhi kwenye uwanja wa shule, na kijana amekua, amekuwa mwalimu palepale, na kila asubuhi anatembea katikati ya ukungu bila kujua kwa nini moyo unamtulia. Basi. Ndiyo mwisho. Najua ungekirusha ukutani.

Mama yako akakifunga kitabu. Chai yake ilipoa. Kisha akauliza, "Na mama yake?"

Nikasema, mama wa nani?

"Wa huyo msichana. Vitabu yote hiyo, kijana analia, walimu wanaongea. Hakuna mtu amemuuliza mama yake?"

Nekesa, tulisoma miaka yote ile, wala hatukuliona hilo. Nikamshika mkono, naye ndipo akalitamka jina lako, mara ya kwanza tangu Kakamega. Akalitamka tena na tena, na mimi nikaitikia kwa niaba yako. Nisamehe, lakini alihitaji mtu wa kuitika.

Kisha akajifuta uso, akabandika maji ya ugali, akasema mama wa yule msichana lazima alikuwa mrefu. Nikasema, na mkali. Akasema, mkali kidogo tu. Tukaendelea hivyo mpaka ugali ukaiva, tunamtunga.

Kisimani mwako, rafiki yangu, pumzika. Desemba mama yako anakwenda Kakamega, na nimemwambia hapandi ndege peke yake. Nitakaa naye kando yako, tukusimulie huyo mama alivyokuwa. Na kila akiita "Nekesa," mahali popote nitakapokuwa, nitasema, "Bee, Mama."

Wako,
Saida